Saa Hazijumlishwi: Fikra Kuhusu Hesabu za Kazi ya Pamoja

Katika hesabu za mafumbo zinazofundishwa shuleni, ni chache zinazowatatiza wanafunzi kama zile za kazi ya pamoja. Sura yake ni ile ile miaka nenda miaka rudi. Fundi mmoja hupaka chokaa chumba cha darasa kwa saa 6. Mwenziwe hukipaka chumba hicho hicho kwa saa 3. Je, wakishirikiana watatumia saa ngapi? Pengine mafundi huondolewa, na mahali pao huwekwa mabomba mawili yanayojaza tangi, au matrekta mawili yanayolima shamba moja. Mavazi hubadilika, bali mwenye kuyavaa ni yule yule.

Majibu ya makosa nayo yana desturi yake. Wako wanaojumlisha 6 na 3 wakapata saa 9. Wako wanaotafuta wastani wakapata saa 4 na nusu. Majibu yote mawili hayawezi kuwa kweli, na wala haihitajiwi kanuni yoyote kulitambua hilo. Fundi wa pili akiwa peke yake hutumia saa 3. Itakuwaje basi apate msaidizi, kisha kazi ichukue muda mrefu zaidi? Hata hivyo majibu hayo huandikwa, hupigiwa mstari na kukabidhiwa kwa mwalimu bila wasiwasi. Mtoto huyo huyo, akitumwa kisimani na nduguye ili wasaidiane kuteka maji, hatarajii hata kidogo kwamba kazi itachelewa. Akili anayoitumia kisimani ameiacha mlangoni mwa darasa.

Hapo ndipo lilipo jambo lenye uzito. Mwanafunzi amezoezwa kutafuta tendo la kuzifanyia tarakimu, kujumlisha au kugawanya, kabla hajajiuliza tarakimu zenyewe ni za kitu gani. Nchi inayohitaji wahandisi, mabwana shamba na wapangaji wa miradi haiwezi kulihesabu jambo hilo kuwa kosa dogo la daftarini.

KINACHOJUMLISHWA NI KAZI

Na igeuzwe hesabu hiyo kidogo. Mtu mmoja hufyatua matofali 200 kwa siku, na mwenzake hufyatua 300. Wakifanya kazi pamoja watapata matofali mangapi kwa siku? Mtoto wa darasa la tatu atajibu 500 bila kusita, maana anaona wazi kwamba matofali ya huyu na ya yule hukusanyika katika lundo moja.

Sasa habari hiyo hiyo na isemwe kwa upande wa muda. Mtu wa kwanza humaliza matofali 600 kwa siku 3, na wa pili humaliza 600 kwa siku 2. Wakishirikiana watayamaliza kwa siku ngapi? Mara giza huingia, ijapokuwa watu ni wale wale na mwendo wao ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mwanafunzi amepewa siku badala ya matofali, na siku za mtu mmoja hazikusanyiki na siku za mwenziwe, kwa kuwa wote wawili wanafanya kazi chini ya jua moja. Akirudi kwenye lundo la matofali, njia hufunguka: matofali 600 yakigawanywa kwa 500 ya kila siku, jibu ni siku 1 na sehemu ya tano.

Msingi wa hesabu zote za namna hii, basi, ni huu: saa hazijumlishwi, kinachojumlishwa ni kiasi cha kazi kinachofanyika katika saa moja. Kwa wapaka chokaa waliotajwa hapo mwanzo, fundi wa kwanza hupaka 1/6 ya chumba kwa saa, na wa pili hupaka 1/3, yaani 2/6. Kwa pamoja hupaka 3/6, ambayo ni nusu ya chumba. Ikiwa nusu huchukua saa moja, chumba kizima kitachukua saa 2.

Mwanafunzi anayeziogopa sehemu naye hana sababu ya kukata tamaa. Na akichukulie chumba hicho kuwa na mafungu 6 yaliyo sawa, idadi ambayo ni kigawe kidogo cha shirika cha 6 na 3. Fundi wa kwanza atapaka fungu 1 kwa saa, wa pili mafungu 2, na kwa pamoja mafungu 3. Mafungu 6 kwa 3 ni saa 2. Hesabu imekwisha bila sehemu hata moja kuandikwa.

Iko pia njia ya kulipima jibu kabla ya kulikokotoa. Jibu sharti liwe dogo kuliko muda wa fundi aliye mwepesi, kwa sababu msaidizi hupunguza kazi. Tena haliwezi kuwa chini ya nusu ya muda huo, kwa sababu hata kama msaidizi angekuwa mwepesi sawasawa naye, wangegawana kazi nusu kwa nusu. Kwa mafundi hao, jibu liko kati ya saa 1 na nusu na saa 3. Mwanafunzi aliyekwisha kuweka mipaka hiyo miwili hawezi kuandika saa 9, wala saa 4 na nusu.

HESABU YENYE UMRI MREFU

Wako wanaodhani kwamba hesabu hizi zilibuniwa na watunga mitihani kwa ajili ya kuwakomoa watoto. Sivyo. Kitabu cha kale cha Kichina kiitwacho Jiuzhang Suanshu, yaani Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu, ambacho kina umri upatao miaka 2,000, kinasimulia habari za bwawa lenye mifereji mitano. Mfereji wa kwanza hulijaza kwa theluthi ya siku, wa pili kwa siku 1, wa tatu kwa siku 2 na nusu, wa nne kwa siku 3 na wa tano kwa siku 5. Yote ikifunguliwa kwa mara moja, bwawa litajaa kwa muda gani? Kitabu kinaelekeza itafutwe kwanza idadi ya mara ambazo kila mfereji ungelijaza bwawa kwa siku moja: mara 3, mara 1, 2/5 ya mara, 1/3 na 1/5. Jumla ni 74/15, na kwa hiyo bwawa hujaa kwa 15/74 ya siku. Watu hao wa kale walijua kwamba zinazokusanywa ni mara za kujaza, wala si siku.

Katika mwaka 1202, Leonardo wa Pisa, maarufu kwa jina la Fibonacci, ambaye alianza kujifunza tarakimu za Kihindi katika mji wa Bejaia ulioko Algeria ya leo, aliandika kitabu kiitwacho Liber Abaci. Humo mna fumbo la simba anayemla kondoo kwa saa 4, chui anayemla kwa saa 5, na dubu anayemla kwa saa 6. Wakitupiwa kondoo mmoja, watammaliza kwa muda gani? Ichukuliwe kwamba wanakula kwa saa 60. Simba atakuwa amekula kondoo 15, chui 12 na dubu 10, jumla kondoo 37. Kondoo mmoja basi huliwa kwa 60/37 ya saa, yaani saa 1 na dakika 37 hivi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayezijua tabia za simba na chui atatabasamu hapo. Ni simba gani atakayekubali kula sahani moja na chui? Hesabu ni sahihi kabisa, lakini karamu yenyewe haiwezekani. Tabasamu hilo lina elimu ndani yake, na litarudiwa baadaye.

NJIA YA MKATO NA MADHARA YAKE

Katika madarasa mengi hesabu hizi hufundishwa kwa maneno machache: zidisha saa za wawili hao, kisha gawanya kwa jumla yao. Kwa 6 na 3, zao ni 18, jumla ni 9, na jibu ni 2. Njia hiyo ni sahihi kwa watu wawili, nayo hutokana moja kwa moja na ule msingi uliokwisha kuelezwa. Ubaya wake ni kwamba aliyeikariri bila kujua ilikotoka hajui pia inapokoma.

Na waongezwe wafanyakazi wawe watatu: mmoja humaliza kazi kwa saa 6, wa pili kwa saa 4, wa tatu kwa saa 12. Mwanafunzi mtiifu atazidisha zote tatu apate 288, atazijumlisha apate 22, kisha atagawanya na kupata zaidi ya saa 13. Watu watatu kwa pamoja wamekuwa wazito kuliko yule aliye mzito kuliko wote akiwa peke yake! Anayehesabu kazi ya saa moja atapata 2/12, 3/12 na 1/12, jumla 6/12, na jibu lake ni saa 2.

Au fundi wa kwanza, yule wa saa 6, na aanze peke yake kwa saa 2, ndipo mwenziwe wa saa 3 atokee. Njia ya mkato haina la kusema. Anayefuata kazi yenyewe ataona kwamba kwa saa 2 zimepakwa 2/6, zimebaki 4/6, na kwa kuwa wawili hao hupaka 3/6 kwa saa, watamaliza baada ya saa 1 na dakika 20.

Hasara haiishii kwenye mafundi. Gari likienda kilomita 60 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na kurudi kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, wastani wa mwendo wake ni kilomita 40 kwa saa, si 45, kwa kuwa limekwenda kilomita 120 kwa saa 3. Waya mbili zenye ukinzani wa omu 6 na omu 3, zikiunganishwa sambamba, huupa umeme ukinzani wa omu 2. Tarakimu ni zile zile za wapaka chokaa. Katika umeme kinachojumlishwa ni wepesi wa kila waya kupitisha mkondo, kama vile kwa mafundi kinavyojumlishwa kiasi cha kazi kwa saa. Mwanafunzi aliyeelewa hesabu ya chokaa katika shule ya msingi amekwisha kufunguliwa mlango wa fizikia ya sekondari. Aliyekariri atalazimika kukariri tena, na tena.

JE, ULIMWENGU UNAKUBALI?

Ziko hesabu zinazotoka sahihi kwenye karatasi na kukataliwa na dunia. Kila anapojumlisha kazi za watu wawili, mwenye kuhesabu anadai jambo fulani, hata kama hakulitamka: kwamba kila mmoja ataendelea kwa mwendo ule ule aliokuwa nao alipokuwa peke yake. Dai hilo pengine ni kweli, na pengine si kweli. Kulipima ni sehemu ya hesabu.

Wachimba kisima wanalijua hili vizuri. Shimo jembamba humpokea mtu mmoja mwenye sururu. Wa pili anaweza kuvuta ndoo ya udongo kwa kamba, na wa tatu kuumwaga mbali. Wakiongezwa wengine kumi, watakaa kivulini. Mpangaji anayeandika kwamba mtu mmoja huchimba kisima kwa siku 30, na kwa hiyo watu 30 watakichimba kwa siku moja, amegawanya sawasawa na kupanga jambo lisilowezekana. Hali kadhalika zege: nguvu yake hupimwa kwa desturi baada ya siku 28, na kuongeza waashi hakuliharakishi kukomaa.

Hata penye nafasi ya kutosha watu hawajumlishiki kikamilifu. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio ya watu kuvuta kamba. Watu wanane wakivuta pamoja walitoa takribani nusu tu ya nguvu ambayo ingepatikana kama uwezo wa kila mmoja, alipovuta peke yake, ungejumlishwa. Kuvuta kwa wakati mmoja ni kazigumu, na aliye katikati ya wengi hulegea bila kujijua. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini walisema pia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Misemo hiyo miwili haipingani. Kila mmoja una mahali pake, na kazi ya mwenye kuhesabu ni kupatambua mahali hapo.

Mfano ulio bora zaidi ni wa tangi linalovuja, kwa kuwa maji hayana uvivu wala ugomvi. Vitabu huuliza hivi: bomba hulijaza tangi kwa saa 4, na tundu lililo chini hulimaliza tangi lililojaa kwa saa 6, vyote viwili vikiwa wazi, tangi tupu litajaa lini? Jibu la vitabu ni 1/4 kutoa 1/6, ambayo ni 1/12. Kwa hiyo litajaa kwa saa 12.

Evangelista Torricelli wa Italia alionyesha, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1644, kwamba kasi ya maji yatokayo tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kina cha maji yaliyo juu ya tundu hilo. Tangi likijaa, maji hutoka kwa nguvu. Likipungua, hutoka kwa unyonge. Kwa tangi lenye kuta zilizosimama wima, utokaji huo hupungua kwa hatua zilizo sawa tangu mwanzo hata maji yaishe. Kwa hiyo tangi la saa 6 hupoteza nusu yake ya kwanza kwa saa 1 na dakika 45 hivi, na nusu iliyobaki hutoka kwa saa 4 na dakika 15.

Sasa na irudiwe hesabu ya vitabu. Wastani wa utokaji ni 1/6 ya tangi kwa saa. Lakini kitu kinachopungua kwa hatua sawa hadi sifuri huwa kimeanza na mara mbili ya wastani wake. Kwa hiyo tangi lililojaa huvuja 1/3 ya ujazo wake kwa saa. Bomba huleta 1/4 tu. Maji yakipanda yatafika kimo fulani ambapo yanayoingia na yanayotoka yatakuwa sawa, na hapo yatasimama. Kimo hicho ni pale kipeuo cha pili cha kina, kikizidishwa kwa 1/3, kinapotoa 1/4. Kipeuo hicho ni 3/4, na kina chenyewe ni 9/16 ya tangi. Vitabu vinasema tangi litajaa kwa saa 12. Maji yenyewe yanasema hayatavuka sana nusu, hata yakingojewa mwaka mzima.

Kijiji kilichojengewa tangi kwa hesabu ya saa 12 kingeamka asubuhi na kuliona halijajaa. Pengine angelaumiwa mlinzi wa bomba, au fundi, au mtu wa kuiba maji usiku. Mkosaji angekuwa ni dai moja ambalo hakuna aliyelichunguza: kwamba tundu huvuja kwa mwendo mmoja.

YANAYOPASA KUFANYWA

Walimu watasema, na wana haki ya kusema, kwamba madarasa yamejaa, muda ni mchache, na mtihani hauulizi habari za Torricelli. Njia ya mkato humpatia mtoto alama, na alama humpatia nafasi ya kuendelea na masomo. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Lakini kuandika kazi ya saa moja huongeza mstari mmoja tu daftarini, na mstari huo humwezesha mtoto kujibu hesabu ya watu wawili, ya watu watatu, ya anayeondoka mapema na ya bomba linalotoa badala ya kuingiza. Anayetegemea mkato huhitaji kanuni mpya kwa kila swali. Kwa hiyo hata kwa kipimo cha mtihani peke yake, njia ndefu ndiyo iliyo fupi.

Mambo matatu yangeweza kufanywa pasipo gharama kubwa. Kwanza, hesabu hizi zianze na vitu vinavyohesabika, kama matofali, ndoo za maji au mistari ya shamba, ndipo zigeuzwe ziwe za muda. Pili, kila mwanafunzi atakiwe kuandika mipaka ya jibu kabla ya kulikokotoa, na mipaka hiyo ipewe alama. Tatu, watunga mitihani waongeze baada ya jibu swali moja fupi: ni masharti gani yatimizwe ili jibu hili liwe kweli? Mwanafunzi akiandika kwamba mafundi wasizuiane, au kwamba tundu livuje kwa mwendo usiobadilika, amekwisha kuonyesha kwamba anajua anachohesabu.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulidai kwamba shule zilee akili yenye kudadisi. Wengi huitafuta akili hiyo katika maabara zenye vifaa vya thamani, ambavyo shule nyingi hazina. Hesabu ya kazi ya pamoja haihitaji kifaa chochote. Inahitaji mwalimu atakayemruhusu mtoto aulize iwapo simba na chui watakubali kula pamoja, na ambaye hatalichukua swali hilo kuwa ni utovu wa adabu.

Mtoto huyo, baada ya miaka 20, huenda akawa ndiye anayetia sahihi mpango wa kuchimba visima vya wilaya au kujenga matangi ya maji. Mezani pake patakuwa na idadi ya watu, idadi ya siku na kiasi cha fedha. Ikiwa alifundishwa kuuliza kazi inafanywaje kabla ya kugawanya, visima vitachimbwa na maji yatapatikana. Ikiwa alifundishwa kugawanya tu, atagawanya, na wanakijiji watasubiri.